Sheldrick wa Voi: Msimamizi wa mbuga aliyekataa ndovu wapunguzwe kwa risasi

Ukitaja jina Sheldrick mjini Nairobi, kila mtu atakuambia habari za ndovu wachanga wanaonyweshwa maziwa kwa chupa. Pengine umeenda kule na shule, ukapiga picha, ukarudi nyumbani. Sawa. Lakini mwenye jina hilo hakuwa mtu wa chupa za maziwa. Alikuwa mwanajeshi, akaishi Voi karibu miaka 30, na ugomvi alioingia huko ndio ule ule unaoulizwa leo kwenye mitihani chini ya kichwa cha mabadiliko ya tabianchi na uhifadhi.

David Sheldrick alizaliwa mwaka 1919 Alexandria, Misri, akaletwa Kenya akiwa mtoto. Familia yake ilikuwa na shamba la kahawa Mweiga, huko Nyeri. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga na kikosi cha King's African Rifles, akapigana Uhabeshi na Burma, akatoka na cheo cha meja. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza Tsavo kuwa mbuga ya taifa. Ilikuwa kubwa mno kusimamiwa na ofisi moja, ikagawanywa. Upande wa mashariki, wenye makao makuu Voi, akapewa Sheldrick, kijana ambaye hata miaka 30 hakuwa ameifikisha.

Hebu fikiria alichopewa. Zaidi ya kilomita mraba 13,000 za vichaka vya miiba, bila barabara. Maji ya kudumu yalikuwa Mto Galana tu. Mto Voi, kama unavyojua ukiwa mwenyeji, mara nyingi ni mchanga mtupu. Wazungu wengi waliona ile ardhi haifai kwa lolote, na ndiyo sababu moja ikafanywa mbuga. Yeye na wafanyakazi wake walikata barabara, wakajenga madaraja, na mwaka 1952 wakaziba Mto Voi pale Aruba ili wanyama wapate bwawa. Kumbuka hilo bwawa, tutalirudia.

Sasa tufike kwa Waata. Hawa walikuwa wakiwinda ndovu katika nchi ile vizazi na vizazi kabla mtu yeyote hajachora mpaka wa mbuga. Upinde wao ulikuwa mzito kuvuta kuliko karibu wote unaojulikana duniani, na mshale walipaka sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Mbuga ilipotangazwa, kazi ya baba zao ikageuka kosa la jinai. Pembe walizopata waliwauzia wafanyabiashara wa pwani kwa bei ya kutupa, na faida ikaliwa huko mbele. Sheldrick, pamoja na mwenzake Bill Woodley, aliunda kikosi cha askari wa mbuga, wengi wao kutoka jamii za kaskazini, akawafundisha kijeshi. Kati ya 1956 na 1957 walifagia eneo lote. Wawindaji walikamatwa mmoja mmoja, wakafungwa.

Kwa hesabu ya mbuga, huo ulikuwa ushindi. Kwa Waata ilikuwa njaa. Hata wakubwa wenyewe waliliona hilo, na mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, mashariki mwa mbuga, ili Waata wawinde kwa kibali na kulipwa. Mradi haukudumu, na ile ardhi mwishowe ikawa ranchi ya ng'ombe. Mimi sioni namna ya kusimulia maisha ya Sheldrick kwa haki ukiruka sehemu hii. Vitabu vingi vinairuka.

Ndovu walipopata usalama, wakaongezeka na kurundikana. Nje ya mbuga kulikuwa na watu, mashamba, reli. Ndani wakaanza kuangusha miti, mibuyu ikachunwa maganda, na vichaka vikageuka nyika ya nyasi. Hapo ndipo akaja Richard Laws, mwanasayansi kutoka Uingereza. Ndovu 300 walikuwa tayari wameuawa mwaka 1966 kwa ajili ya utafiti. Laws alitaka wengine wengi wapigwe, akiamini kwamba wasipopunguzwa wataimaliza mbuga na wao wenyewe wafe. Sheldrick akakataa. Kwake ndovu na miti walikuwa wakibadilishana zamu tangu zamani: ndovu huangusha miti, nyasi humea, ukame huja hupunguza ndovu, kisha miti hurudi. Binadamu asiingilie. Wakuu wa mbuga wakasimama na Sheldrick, na mwaka 1968 Laws akaondoka.

Halafu ukame ukaja kweli. Kuanzia 1970 hadi 1971 mvua ilikosekana, na mizoga iliyohesabiwa ilikaribia 6,000. Makadirio mengine yalifika 9,000.

Hapa sikiliza vizuri, maana watahiniwa wengi huandika kwamba ndovu wale walikufa kwa kiu. Sivyo. Wengi walikufa kwa njaa, na maji yakiwepo. Ndovu jike mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na mto, kwa sababu mtoto hatafika. Basi majike na watoto walibaki kando ya maji, wakamaliza kila jani lililokuwa karibu, wakaanguka hapo hapo. Madume waliweza kutembea mbali zaidi kutafuta malisho, na wengi wao wakapona.

Kwa hiyo alishinda nani? Waliomuunga mkono Laws walisema, si tuliwaambia. Waliokuwa na Sheldrick walisema maumbile yamefanya kazi yake, na ni kweli kwamba miaka iliyofuata vichaka vilianza kurudi. Lakini ujangili nao uliwamaliza ndovu, kwa hiyo hakuna aliyepata kuona ile zamu ikizunguka hadi mwisho bila bunduki kuingilia. Ukiniuliza mimi, Sheldrick alikuwa sahihi kuhusu miti. Kama alikuwa sahihi kuhusu gharama, hilo ni swali jingine.

Nyumbani kwake Voi mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwaka 1960 alimwoa Daphne, na wawili hao walilea wanyama yatima: vifaru, nyati, na ndovu jike aliyeitwa Eleanor, ambaye alipokua akawa mama wa yatima wengine wote. Ndovu mchanga kabisa ndiye aliyewashinda, kwani maziwa ya ng'ombe yalimuua. Daphne alihangaika miaka mingi mpaka akagundua kwamba mafuta yanayokaribia yale ya maziwa ya ndovu ni ya nazi. Watu wa pwani mnaruhusiwa kujidai hapo.

Mwaka 1976 idara za wanyamapori ziliunganishwa, na Sheldrick akahamishiwa Nairobi. Juni 1977 akafariki kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 57. Daphne akaanzisha wakfu kwa jina lake. Majangili wenye bunduki waliendelea, na hesabu ya 1988 ikakuta ndovu zaidi kidogo ya 5,000 tu katika eneo zima la Tsavo. Sensa ya 2021 iliwapata karibu 15,000.

Sasa lile bwawa la Aruba. Leo maji ya visima katika nyika ya Tsavo yanaweza kuvutwa kwa pampu za kawi ya jua na vinu vya upepo, bila dizeli wala moshi. Ukiulizwa faida za kawi safi kwa uhifadhi, hiyo itaje. Lakini ukiishia hapo jibu lako ni nusu. Kila kisima kipya huvuta ndovu, na ndovu hula miti iliyo karibu nacho, kama walivyofanya kando ya mto mwaka 1971. Kwa hiyo kisima kiwekwe wapi, na kizimwe lini? Jua halilijibu hilo.

Tena ndovu hawasomi ramani. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta, na ukame wa 2022 ulipobana, wanyama walitoka wakaingia mashambani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, lakini muulize mkulima yeyote wa Sagalla kuhusu kungoja malipo. Huko Sagalla, vilima vinavyotazama Voi, wakulima wamejaribu njia nyingine: mizinga ya nyuki inaning'inizwa kuzunguka shamba, mmoja kila mita 10, yote imefungwa kwa waya mmoja. Ndovu akigusa waya usiku, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na yeye anageuka alikotoka. Asali wanauza.