Roberto Clemente, mupigaji ambaye sifa yake ilichelewa

Mashabiki wa beseboli ku Marekani wanabishana tangu zamani. Je, kuko wachezaji wanaopiga vizuri zaidi wakati mechi iko moto, ao ni watu tu wanaokumbuka ile mipigo kuliko mingine? Maisha ya Roberto Clemente yanaonyesha namna sifa ya muchezaji inajengwa.

Clemente alizaliwaka tarehe 18 agosti 1934 ku Carolina, kwenye kisiwa cha Puerto Rico. Baba yake alikuwaka kapita katika mashamba ya miwa. Mwaka 1955 aliingia katika ekipe ya Pittsburgh Pirates, na hapo alibaki mpaka kufa.

Shida ilianzia ku jina. Wanahabari walimwita Bob, jina ambalo hakulipenda. Alikulia katika Kihispania, basi magazeti mengine yaliandika Kiingereza chake vile alikitamka, ili wasomaji wacheke. Alipoumwa mugongo, juu ya ajali ya gari aliyopata kijana, walisema anajifanya mugonjwa. Tena alikuwa mweusi: ku Florida, kwenye ekipe ilifanyia mazoezi, hakuruhusiwa kulala hoteli moja na wenzake wazungu.

Mwaka 1960 Pirates walicheza fainali ya mechi 7 na New York Yankees. Katika beseboli, mutu anayefaulu mara 3 kwa 10 anahesabiwa kuwa mupigaji mukubwa. Clemente hakukosa kufaulu hata katika mechi moja ya zile 7.

Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 13 oktoba. Ku raundi ya nane Pirates walikuwa nyuma, 7 kwa 5, na kama Clemente angeshindwa, zamu yao ya kupiga ingeisha. Alipiga mupira zaifu uliodundadunda karibu tu. Lakini alikimbia kwa nguvu zote, akafika ku kituo cha kwanza mbele ya adui, na mwenzake akaingiza pointi. Nyuma yake Hal Smith akapiga mupira ukavuka ukuta: 9 kwa 7. Yankees wakasawazisha, kisha Bill Mazeroski naye akavusha ukuta, Pirates wakashinda 10 kwa 9.

Kila mutu alimukumbuka Mazeroski. Mbio za Clemente zilisahaulika. Wanahabari walipopiga kura ya muchezaji bora wa mwaka, walimuweka wa 8. Ilimuuma, na hakuficha.

Aliendelea kupiga. Mara 4 alimaliza mwaka akiwa mupigaji wa kwanza katika ligi yake, na mwaka 1966 akapewa ile zawadi ya muchezaji bora. Lakini inchi yote ilimujua kweli mu oktoba 1971, fainali na Baltimore Orioles, iliyoangaliwa na mamilioni ku televisheni. Alikuwa na miaka 37. Tena alifaulu katika mechi zote 7, mara 12 kwa 29, na katika mechi ya mwisho, iliyoisha 2 kwa 1, alivusha mupira ukuta. Alipopewa mikro, kwanza aliomba baraka ya wazazi wake kwa Kihispania.

Toka siku ile ikasemwa kwamba Clemente ni mutu wa mechi kubwa. Hesabu inasema kitu kingine kidogo. Katika fainali zake 2 alifaulu mara 21 kwa 58. Kwa kiwango chake cha kila siku, angefaulu kama mara 18. Basi hakugeuka mutu mwingine ku fainali. Alikuwa yule yule wa 1960, wa 1964, wa 1967. Kilichobadilika ni kwamba sasa walimuangalia.

Tarehe 30 septemba 1972 alifikisha mipigo 3.000. Tarehe 23 desemba tetemeko la inchi likabomoa muji wa Managua, ku Nikaragua, likaua maelfu. Clemente alikusanya chakula, nguo na dawa. Habari zikamufikia kwamba askari wa Somoza wanaiba musaada. Akaamua kuusindikiza mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hawatasubutu. Usiku wa kuamkia Bonane alipanda ndege ya zamani iliyopakiwa kupita kipimo. Ilianguka mu bahari kisha dakika chache tu, na watu wote 5 wakakufa. Mwili wake haukupatikana. Aliacha bibi, Vera, na watoto 3 wanaume.

Kwa kawaida muchezaji anangoja miaka 5 mbele ya kuingizwa mu nyumba ya heshima ya beseboli. Kwa Clemente sheria iliwekwa pembeni: aliingia mwaka 1973, wa kwanza toka Amerika ya Kilatini. Kila mwaka muchezaji aliyesaidia watu anapewa zawadi yenye jina lake, na jina lililoandikwa pale ni Roberto.