Steinlen, Mchoraji wa Watu wa Kazi

Askari aendaye Bombo kutoka Kampala hupita Bwaise. Alfajiri huwakuta pale vibarua wakienda mjini kwa miguu, mafundi wakifungua karakana, na akina mama wakipanga nyanya kando ya barabara. Mvua kubwa ikinyesha, huwaona wakivuka maji yaliyofurika bondeni, viatu mkononi. Wengi wetu huwapita bila kuwatazama mara mbili. Théophile-Alexandre Steinlen aliwatazama watu wa namna hiyo kwa muda wa miaka arobaini katika mji wa Paris.

Steinlen alizaliwa tarehe 10 Novemba 1859 katika mji wa Lausanne, nchini Uswisi. Katika ujana wake alijifunza kubuni nakshi za vitambaa kiwandani huko Mulhouse. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alihamia Paris, akafanya makao yake Montmartre, kilima kilichokaliwa na mafukara, vibarua na wasanii. Mwaka 1901 alipata uraia wa Ufaransa.

Dunia yamkumbuka zaidi kwa paka mweusi aliyemchora mwaka 1896 katika bango la kilabu cha Chat Noir. Lakini moyo wake ulikuwa mitaani: kwa madobi, washona nguo, wachimba makaa na watu wasio na kazi. Mwaka 1898 alitoa mchoro wa wanawake madobi wakirudisha nguo za watu, miili yao imeinama kwa uzito wa mzigo.

Mchoro wa namna hiyo hutengenezwa kwa bamba la shaba nyekundu. Bamba hupakwa nta, na mchoraji huikwaruza nta hiyo kwa sindano. Kisha bamba hutiwa katika asidi, nayo hula shaba pale tu palipokwaruzwa. Mistari hiyo hujazwa wino, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine. Picha ya rangi huishia katika ukuta wa tajiri mmoja, bali bamba moja hutoa nakala nyingi. Steinlen alichora pia magazetini, hasa Gil Blas illustré, ambalo watu wa kawaida waliweza kulinunua.

Hakuwapendelea wenye mamlaka. Mwaka 1893 na 1894 alilichorea gazeti la Le Chambard socialiste kwa jina la kubuni, Petit Pierre, akionyesha njaa ya wafanyakazi na ukali wa dola juu yao. Mtu angeweza kudhani kwamba aliichukia kila sare.

Vita Vikuu vya mwaka 1914 vilionyesha kuwa sivyo. Vita hivyo vilifika hata kwetu Afrika Mashariki, ambako askari wa Keya walipigana na Wajerumani, na wapagazi wengi mno walifia njiani. Huko Ufaransa, Steinlen alikuwa akikaribia umri wa miaka 55. Aliwachora askari wa kawaida wenye matope na uchovu, majeruhi, wajane na wakimbizi. Mwaka 1915 alichora mabango ya kuchangisha fedha kwa ajili ya askari wa Ufaransa na Wabelgiji wenye njaa. Katika askari wake twamwona kibarua yule yule wa Montmartre, ila sasa amebeba bunduki mahali pa sururu.

Steinlen alifariki Paris mwezi Desemba 1923, akiwa na umri wa miaka 64. Michoro yake imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi.

Maisha yake yatukumbusha jambo ambalo mtu wa sare hulisahau upesi. Kijana hatoki katika ukoo wake siku anapokabidhiwa magwanda na bunduki. Mama anayepanga nyanya pale Bwaise huenda ana mwana kambini. Basi anayepita hapo, awe katika gari la jeshi au katika doria, na awatazame wale watu kama Steinlen alivyowatazama wake, kwani anatazama nyumba yake mwenyewe.