Muindi Mbingu na Ng'ombe wa Wakamba

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Wilaya ya Machakos, ambayo enzi hizo ilijumuisha Mukuyuni, kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa. Kisingizio kilikuwa mmomonyoko wa udongo. Kumbe kiwanda cha nyama cha Liebig, Athi River, kilihitaji mifugo. Samuel Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association aliwaongoza Wakamba zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakimdai Gavana awasikilize. Alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, uuzaji wa lazima ulikomeshwa mwaka uo huo. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa mjadala wa viwanda: nani apange bei ya malighafi? Muindi aliuawa mwaka 1953.