Thomas Telford, Mjenzi wa Barabara na Madaraja

Kila mwanachama aliyepata kuketi na magunia yake ukingoni mwa mto uliofurika, huku siku ya soko ikimpita, ataelewa kwa nini tumempa nafasi katika kijitabu hiki mtu wa nchi ya mbali aliyefariki zamani.

Thomas Telford alizaliwa mwaka 1757 katika bonde la Eskdale, kusini mwa Uskoti, mwana wa mchungaji wa kondoo. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na mama akamlea kwa shida, akisaidiwa na jamaa. Alichunga mifugo, akasoma katika shule ya kijijini, kisha akawa mwanagenzi wa uashi mjini Langholm. Mwaka 1782 alikwenda London kutafuta kazi, na baada ya miaka michache akawa mhandisi mwenye sifa. Mama yake alipozeeka, Telford alimwandikia barua kwa herufi zilizofanana na za chapa ili azisome bila taabu. Ni jambo dogo, lakini latuonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Mnamo mwaka 1801 na 1802 serikali ilimtuma kuzikagua nyanda za juu za kaskazini, ambako watu walikuwa wakihama kwa wingi kwenda Amerika. Aliwakuta wanavijiji waliotengwa na mito isiyo na madaraja, na ng'ombe wa kuuzwa wakiogeleshwa ng'ambo. Mwaka 1803 Bunge likaunda tume ya barabara na madaraja, Telford akiwa mhandisi wake. Gharama ziligawanywa: nusu ilitoka serikalini, na nusu kwa wenye ardhi wa mahali penyewe.

Haja ya kazi hiyo ilidhihirika kwa msiba. Tarehe 16 Agosti 1809 watu zaidi ya 100 walijazana katika mashua moja kwenye kivuko cha Meikle, katika hori ya Dornoch, wakienda gulioni Tain na bidhaa zao. Bahari ilikuwa shwari, lakini mashua ilielemewa ikazama, na watu wapatao 99 wakafa maji. Miaka mitatu baadaye Telford alikamilisha daraja la Bonar, juu zaidi ya kivuko hicho. Tao lake la chuma, lenye upana wa futi 150, lilisubiwa Wales, likapelekwa kwa vipande na kuunganishwa hapo. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja aliyefiwa na baba yake katika ajali ile aliliona daraja kwa mbali akaingiwa na hofu kwa wembamba wake. Alipolifikia akalisifu kuliko vitu vyote alivyopata kuviona. Mwaka 1814 magogo yaliyoshikamana kwa barafu yaliligonga, nalo likasimama imara. Lilichukuliwa na mafuriko mwaka 1892.

Kwa muda wa miaka karibu 20 zilijengwa barabara za maili zipatazo 920, pamoja na madaraja zaidi ya 1,000. Mengi yalikuwa madogo, ya kuvusha kijito tu. Lakini kijito kikijaa humzuia mkulima sawasawa na mto mkubwa. Maelfu ya wenyeji walipata ujira, na wengi wakajifunza matumizi ya zana walizokuwa hawazijui.

Hata hivyo, hatutaki kumficha msomaji upande wa pili. Telford mwenyewe aliieleza serikali kwamba sababu kubwa ya watu kuhama ilikuwa wenye ardhi kugeuza mashamba kuwa malisho ya kondoo. Barabara hazikuondoa sababu hiyo. Katika jimbo la Sutherland, katika miaka ile ile madaraja yalipokuwa yakijengwa, maelfu ya wakulima walifukuzwa katika mabonde yao, maana ardhi haikuwa yao wala hawakuwa na sauti katika mipango yake. Wengine walipita katika barabara hizo mpya wakiwa na vyombo vyao, wakienda pwani au melini.

Telford alifariki London tarehe 2 Septemba 1834, akazikwa Westminster Abbey. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Katika wasia wake alizikumbuka maktaba mbili za Eskdale, ya Langholm na ya Westerkirk, akaiachia kila moja pauni 1,000 za kununulia vitabu.