Godfrey Hounsfield na Namba za Siti Skani

Godfrey Newbold Hounsfield alizaliwa tarehe 28 Agosti 1919 katika Nottinghamshire, Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya mkulima mwenye watoto watano. Shamba ndilo lililokuwa maabara yake ya kwanza. Alichezea mitambo ya kilimo, akaunda vifaa vya umeme vya kurekodi sauti, na aliwahi kuruka kutoka juu ya lundo la majani makavu kwa chombo cha kupaa alichojitengenezea mwenyewe. Nusura ajilipue alipotumia maji na gesi ya asetilini kurusha mapipa ya lami angani. (Mtahiniwa asijaribu.) Shuleni masomo yaliyomwendea vizuri yalikuwa mawili tu: hisabati na fizikia.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikuwa amejitolea katika Jeshi la Anga. Huko alijifunza redio na rada, kisha akawa mkufunzi wa rada. Baada ya vita, afisa mmoja wa ngazi ya juu aliyependezwa na kazi yake alimsaidia kupata ufadhili wa kusoma uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London. Alitoka na stashahada. Digrii ya chuo kikuu hakuwa nayo, na kila mwaka nikilisema hili darasani lazima atokee mwanafunzi wa kubisha.

Aliajiriwa na EMI, kampuni ambayo watu wengi waliijua kwa santuri za muziki. Aliongoza kikundi kilichounda EMIDEC 1100, mojawapo ya kompyuta za mwanzo za Uingereza zilizotumia transista badala ya vali. Wazo lililompa jina lilimjia mwaka 1967, akiwa matembezini mashambani.

Ili kulielewa wazo hilo, kumbuka mada ya eksirei. Picha ya kawaida ya eksirei ni kivuli. Fuvu, damu, ubongo na uvimbe vyote huangukia mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, na fuvu hufunika mengi. Hounsfield alitaka mionzi ipitishwe kutoka pembe nyingi, kiasi kinachotokea upande wa pili kipimwe kila mara, kisha kompyuta ikokotoe kila kipande kidogo cha ndani kimezuia mionzi kwa kiasi gani. Hakujua kwamba Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo akiwa hospitalini Cape Town mwaka 1956, alikuwa amekwisha kuchapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyezijali.

Mashine ya kwanza ilijengwa juu ya kitanda cha mashine ya kukerezea vyuma. Chanzo chake cha mionzi ya gama kilikuwa dhaifu mno, hata kupima kitu kimoja kulichukua siku 9. Vipimo vilivyokusanywa vilikuwa kama 28,000, na kompyuta ilihitaji saa mbili na nusu kuvikokotoa. Alipoweka mrija wa eksirei, siku 9 zikawa saa 9. Alipima ubongo wa binadamu uliohifadhiwa, kisha ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, akiubeba mwenyewe kuvuka jiji la London.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, alipimwa mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Uvimbe ulionekana kwenye picha. Daktari wa upasuaji alipofungua, aliukuta palepale.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Skana haitoi picha tu, inatoa namba. Muuza duka hawezi kupima sukari kwa mizani isiyoanzia sifuri, na Hounsfield naye alihitaji sifuri yake. Akachagua maji. Katika kipimo kinachoitwa leo kwa jina lake, maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta ya mwili ni karibu −100, na mfupa mgumu huweza kuzidi 1000. Kanuni ni rahisi: toa kiwango cha maji cha kuzuia mionzi kwenye kiwango cha kitu unachopima, gawanya kwa kiwango cha maji, kisha zidisha kwa 1000.

Tukokotoe. Chukua maji kuwa 0.20 kwa sentimita na nyama ya uvimbe kuwa 0.21. Tofauti ni 0.01, ukigawanya kwa 0.20 na kuzidisha kwa 1000 unapata 50. Hiyo ni nyama. Uvimbe uliojaa majimaji tu ungesoma karibu na 0, na mara nyingi huo hauna hatari. Lakini mrija wa eksirei huchakaa, na vipokezi vya mionzi hubadilika kwa joto na umri. Tuseme mashine inasoma pungufu kwa asilimia 4. Nyama ileile itasoma 0.2016, yaani 8 badala ya 50. Daktari ataona majimaji, na mgonjwa mwenye saratani anaweza kuambiwa arudi nyumbani.

Ndiyo maana mafundi wa skana huweka mashineni chombo cha duara kilichojaa maji, wakaipima kama wanavyompima mgonjwa, na katika hospitali nyingi hufanya hivyo kila siku. Majibu yanatakiwa yawe 0, au tofauti ya vizio vichache tu. Mashine yetu mbovu ingesoma maji hayo 0.192, yaani −40, na fundi angejua mara moja kwamba inadanganya. Namba hizohizo hutumika kukokotoa dozi ya mionzi ya kutibu saratani, kwa hiyo kosa la kipimo lingemfuata mgonjwa hadi kwenye matibabu.

Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979 pamoja na Cormack, na mwaka 1981 akapewa cheo cha Sir. Hakuoa. Alifariki tarehe 12 Agosti 2004, akiwa na umri wa miaka 84.