John Dalton na Urithi wa Mama

Sote tulikariri nadharia ya atomu ya Dalton sekondari, tukapata maksi zetu, tukamsahau. Mimi amenirudia kwa sababu ya jamaa mmoja wa Kisarawe niliyesoma naye Kibaha. Kwenye taitresheni alikuwa anapitiliza kila mara, maana rangi ikibadilika yeye haoni. Mwalimu akamwita mzembe. Na huko kwao, msimu wa korosho ukifika, mjomba wake naye alichekwa: mabibo mekundu yamejaa mtini, yeye anayapita kama majani.

Dalton angewaelewa. Alizaliwa 1766 kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mfumaji nguo. Akiwa na miaka 12 alishaanza kufundisha wenzake, na 1793 akahamia Manchester kufundisha chuoni. Habari za mvua na upepo aliandika daftarini miaka 57. Mtu wa namna hiyo, kweli unamwita mzembe?

Kilichomshtua ni ua la jeranio. Wenzake waliliona la waridi. Yeye mchana aliliona la bluu, na usiku kwenye mshumaa likageuka jekundu. Aliyeliona hivyo hivyo alikuwa kaka yake. Mwaka 1794 akawasomea wasomi wa Manchester maelezo yake: alidhani majimaji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya bluu, na akaagiza akifa lipasuliwe. Alipofariki 1844 daktari akapasua. Majimaji meupe pe! Alikosea.

Jibu lilikuwa kwa huyo kaka, yaani kwa mama yao, Deborah. Mwanaume ana kromosomu X moja tu, ya mama; baba anampa Y. X hiyo ikiwa na hitilafu, hana nyingine ya kumwokoa. Mama ana X mbili, kwa hiyo anaweza kuona vizuri kabisa huku amebeba. Kila mwanawe wa kiume ana nusu ya bahati kuipata, na kila binti nusu ya kuibeba. Hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, hupita njia hiyo hiyo. Jamaa yangu akizaa, wavulana hawatapata kwake, ila mabinti wote watabeba.

Vipande vya macho ya Dalton vilihifadhiwa, na 1995 watafiti walipima DNA yake. Jeni ya kupokea mwanga wa kijani haikuwepo. Miaka 150 baada ya kuzikwa, bwana!

Juzi jamaa kanipigia. Mtoto wa dada yake kapaka majani rangi ya kahawia shuleni, na mawifi wameshaanza: eti mama mtu hamfundishi mtoto, mbona yeye mwenyewe anaona? Nimemwandikia haya, awasomee Jumapili akienda Kisarawe.