Barbosa, Kipa Aliyetwikwa Lawama za Nchi Nzima

Wapenzi wa kandanda wana kawaida moja ambayo haibadiliki, uwe Mombasa au Montevideo. Mchezaji akiwa angali uwanjani humpenda au humchukia bila ya kipimo. Akishaacha mpira huanza kumpima upya, pole pole, kama mtu afunguaye sanduku la zamani akaona vilivyomo si vile alivyodhani. Wako waliozomewa ujanani wakaja kushangiliwa wakiwa na mvi. Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu ambaye upimaji huo ulimchelewea mno. Naye ni Moacir Barbosa, mlinda lango wa Brazil, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2000 akiwa na umri wa miaka 79, baada ya kubebeshwa bao moja kwa nusu karne nzima.

Barbosa alizaliwa tarehe 27 Machi 1921 mjini Campinas, katika jimbo la São Paulo. Alikuwa mtu mweusi, na nchi yake ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1888, yaani miaka 33 tu kabla hajazaliwa. Jambo hili msomaji aliweke akilini maana tutalirudia. Mpira aliuanza akiwa winga, kisha akaingia langoni, akachezea Ypiranga ya São Paulo, na mwaka 1945 akahamia Rio de Janeiro katika klabu ya Vasco da Gama.

Jina la klabu hiyo halitupendezi sana sisi watu wa pwani, kwa sababu tunazozijua. Lakini haki isemwe: Vasco ya Rio ilikuwa na sifa yake. Mwaka 1923 ilitwaa ubingwa wa mji kwa kikosi kilichokuwa na watu weusi na vibarua, na vilabu vya matajiri vikaghadhibika. Mwaka uliofuata ikatakiwa iwatoe wachezaji kumi na wawili ndipo ikubaliwe katika chama kipya. Vasco ikaandika barua ya kukataa, na tarehe ya barua ile ni 7 Aprili 1924. Nimeutaja mfungamano huu wa tarehe kwa kuwa ni wa ajabu tu, sina zaidi la kusema juu yake.

Huko ndiko Barbosa alikopata jina. Alishinda na Vasco ubingwa wa Rio miaka ya 1945, 1947, 1949, 1950 na 1952. Mwaka 1948 walikwenda Santiago, Chile, wakatwaa ubingwa wa vilabu vya Amerika Kusini, na katika mashindano hayo alikaa langoni siku walipotoka suluhu bila bao na River Plate ya Argentina, timu aliyokuwamo Di Stéfano. Mwaka 1949 Brazil ilichukua ubingwa wa bara hilo kwa kuifunga Paraguay mabao 7 kwa bila, na kipa alikuwa yeye. Alidaka mikono mitupu pasi na glavu, na vidole vyake vilivunjika mara kadhaa. Kwa ufupi, hadi kufikia mwezi wa Julai 1950 hapakuwa na ubishi juu ya nani kipa bora wa Brazil.

Kisha ikaja tarehe 16 Julai 1950.

Brazil ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, na kwa ajili hiyo uwanja wa Maracanã ulianza kujengwa mwaka 1948, mkubwa kuliko wowote duniani. Mwaka ule bingwa alipatikana kwa timu nne kukutana zote kwa zote. Brazil ikaipiga Sweden 7 kwa 1 na Hispania 6 kwa 1. Uruguay kwa upande wake ilitoka sare na Hispania na kuishinda Sweden kwa taabu. Kwa hivyo siku ya mwisho wenyeji walihitaji sare tu. Tiketi zilizouzwa zilipita 170,000, na wengi husema waliokuwamo ndani walifika laki mbili. Gazeti moja la Rio lilikuwa limeshachapisha picha ya timu likiwaita mabingwa, na meya wa mji akawahutubia wachezaji kama watu walioshinda tayari. Hata Jules Rimet, rais wa FIFA, alikuwa na hotuba yake mfukoni kwa Kireno.

Na kuna jambo ambalo husahauliwa. Siku za mwisho kambi ya timu ilihamishwa kutoka mahali patulivu ikapelekwa uwanja wa Vasco, na hapo wanasiasa, ambao walikuwa na uchaguzi mwezi wa Oktoba, wakawa wanaingia na kutoka kwenda kushikana mikono na wachezaji. Vijana hawakupata hata nafasi ya kula kwa utulivu.

Friaça aliifungia Brazil mwanzoni mwa kipindi cha pili. Dakika ya 66, Alcides Ghiggia, winga wa kulia wa Uruguay, alimpita Bigode, akapiga krosi, na Schiaffino akasawazisha. Bado sare ilitosha. Dakika ya 79 Ghiggia akapita njia ile ile, akamwacha Bigode vile vile. Barbosa akapiga hatua moja kulielekea eneo la katikati, maana bao la kwanza lilitoka kwa krosi na Schiaffino alikuwa anakuja tena. Ghiggia akauona mwanya baina ya kipa na mlingoti wa karibu, akapiga chini. Barbosa alijirusha kurudi. Alivyoeleza mwenyewe baadaye, alidhani ameugusa mpira ukatoka kona, hata aliposikia uwanja umenyamaza kimya ndipo akageuka na kuuona wavuni.

Nimesoma maelezo mengi ya bao hili, na kila nilivyoyasoma nimeona kwamba hatua ile haikuwa ya mpumbavu. Kipa aliyemwona winga akitoa krosi dakika 13 zilizopita, na akamwona mfungaji yule yule anakimbilia katikati, afanye nini? Angebaki kwenye mlingoti na krosi ikapigwa, wangemwuliza kwa nini hakutoka. Mwanya aliouacha ulikuwa mdogo na shuti lilikuwa la ustadi. Aidha, washambuliaji waliofunga mabao 13 katika mechi mbili, siku hiyo walifunga moja. Je, hilo nalo lilikuwa juu ya kipa?

Lakini umma uliofiwa na sherehe yake hautaki hesabu. Wachezaji watatu wakatwishwa lawama: Barbosa, Bigode, na beki Juvenal. Wote watatu walikuwa weusi. Meya hakuulizwa habari za hotuba yake, wala wanasiasa habari za kambi. Hata jezi nyeupe iliadhibiwa: mwaka 1953 gazeti moja likaendesha shindano la kubuni jezi mpya, na ndipo ilipozaliwa ile ya manjano ijulikanayo leo ulimwengu mzima. Tena ukazuka usemi wa chini kwa chini kwamba mtu mweusi hafai kuaminiwa lango la taifa. Manga alidaka mechi moja katika Kombe la Dunia la 1966. Lakini mweusi aliyeanza mashindano hayo akiwa kipa wa kwanza wa Brazil hakuonekana tena mpaka Dida, mwaka 2006. Hesabu mwenyewe, msomaji, hiyo ni miaka 56.

Katika miji yetu ya pwani iko ada ya kale ya kuzungusha ng'ombe mji mzima wakati wa Siku ya Mwaka, huku dua zikisomwa, ili mabaya yaliyomo yatoke. Kisha ng'ombe huchinjwa, nyama huliwa, na watu wakarudi majumbani nyoyo nyeupe. Brazil ilimzungusha Barbosa miaka hamsini. Ada haikutimizwa, wala yeye hakupumzishwa.

Kandanda hakuiacha. Aliichezea tena timu ya taifa mara moja tu, mwaka 1953, na mwaka huo huo akavunjika mguu, basi hamu ya kwenda Kombe la Dunia la 1954 ikaishia hapo. Alicheza Recife katika klabu ya Santa Cruz, akarudi Vasco na kushinda tena ubingwa wa Rio mwaka 1958, na akamalizia katika klabu ya Campo Grande mwaka 1962, umri wake miaka 41. Mtu aliyevunjika moyo hachezi mpaka umri huo. Baadaye akaajiriwa kazi katika uwanja ule ule wa Maracanã, akawa kila siku anakwenda kutafuta riziki mahali palipomharibia jina. Wako wasimuliao kwamba milingoti ya zamani ya mbao ilipobadilishwa alipewa yeye, akaipeleka nyumbani na kuifanya kuni za kuchomea nyama pamoja na rafiki zake. Kama kisa hiki ni cha kweli, basi nyama ile ilikuwa tamu.

Kisa ambacho mwenyewe alikuwa akikieleza kwa uchungu ni kingine. Yapata miaka ishirini baada ya mechi, akiwa dukani, mwanamke mmoja alimwonyesha kidole mbele ya mwanawe mdogo, akamwambia mtoto kwamba huyo ndiye mtu aliyeiliza Brazil nzima. Mtoto yule hakuwa amezaliwa mwaka 1950. Ndivyo lawama ilivyorithishwa, kwa watu wasioiona mechi, wasiojua Bigode alisimama wapi wala Ghiggia alipita wapi.

Mwaka 1993 alipelekwa kambini kwa timu ya taifa awasalimu vijana, nao walikuwa wanajiandaa kuikabili Uruguay. Alikataliwa kuingia kwa kuhofiwa atawaletea nuksi. Alikuwa mzee wa miaka 72. Mwaka 1997 mkewe Clotilde, waliyekaa naye umri mzima, akafariki, na Barbosa akamalizia siku zake Praia Grande, mji wa pwani karibu na Santos, akiishi maisha ya dhiki na akisaidiwa fedha na Vasco. Karibu na mwisho wake alikuwa akilalamika kwamba sheria ya Brazil haimfungi mtu zaidi ya miaka thelathini kwa kosa lolote, ilhali yeye ametumikia hamsini.

Sasa, huo upimaji mpya ulianza lini? Ulianzia kwa watu wa kalamu na wa senema. Mwaka 1986 Paulo Perdigão alitoa kitabu kilichoichambua mechi ile, na kutokana na hadithi yake, mwaka 1988 Jorge Furtado na Ana Luiza Azevedo wakatengeneza filamu fupi iitwayo Barbosa. Ndani yake, mtu aliyekuwako uwanjani utotoni anarudi nyuma katika wakati ili amwonye kipa. Anafika nyuma ya lango, anapiga kelele, Barbosa anageuka kumtazama, na bao linaingia. Nadhani hakuna aliyewaambia mashabiki ukweli wao kwa ufupi zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba filamu hii ilimkuta Barbosa yu hai, na miaka mitano baadaye akafungiwa mlango wa kambi. Wasomi walikuwa wameshamsamehe, umma bado.

Umma ulibadilika tarehe 8 Julai 2014. Brazil ilikuwa mwenyeji tena, ikafungwa na Ujerumani 7 kwa 1 mjini Belo Horizonte, katika nusu fainali. Asubuhi yake gazeti moja la Rio likawapongeza washindi wa pili wa 1950, kwa kuwa aibu yao haikuwa tena aibu kubwa kuliko zote. Pande zote mashabiki wakawa wanasema Barbosa amefutiwa deni. Ni kauli nzuri, lakini mimi hainipi raha. Waliosema hivyo hawakuwa wamelitazama bao la Ghiggia upya wakaona walimdhulumu. Walipata msiba mkubwa zaidi, na ule wa zamani ukaonekana mdogo. Kama Ujerumani ingeshinda kwa bao 1, sijui kama wangemkumbuka. Na mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa kumi na nne.

Vasco haikungoja Wajerumani. Klabu hiyo ilimsaidia akiwa hai, na miaka ya karibuni imekipa jina lake kituo chake cha mazoezi mjini Rio, mahali ambapo makipa hujifunza kutoka langoni kuiwahi krosi.

Ama Ghiggia, yeye Brazil haikumchukia kamwe. Mwezi wa Desemba 2009 aliitwa Maracanã kwa heshima, akakanyaga ili alama za nyayo zake ziwekwe pamoja na za magwiji wengine. Alikufa tarehe 16 Julai 2015, siku iliyotimiza miaka 65 tangu alipopiga mpira ule. Nyayo zake ziliwekwa katika uwanja aliofanya kazi Barbosa, na wageni waliulipia kiingilio ili wazione.